Dola Tisini za Kupanda Boti

Ziara iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha ilikuwa ya Khasab, nchini Oman: saa tatu ndani ya jahazi, mito ya kuegemea, chai na tende, pomboo wakichomoza majini, dola tisini kwa kila mtu. Nyar Kaksingri aliisoma kwenye simu ya mumewe, akairudisha simu, kisha akaiomba tena. Mama huyu ameuza omena ufuoni Sori, kando ya Ziwa Victoria, tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Boti amepanda za kila namna: zinazovuja, zilizoishiwa petroli katikati ya ziwa, na moja iliyobeba mbuzi wa mahari pamoja na kitanda cha bibi harusi mwingine.

"Mwalimu," akauliza, "hizi dola tisini ni wao wanatupa, ama sisi ndio tunatoa?"

Wa kutoa alikuwa binti yao, muuguzi huko Dubai, aliyeamua kwamba wazazi wake wamezeeka bila kula raha. Alikuwa amewakatia tikiti ya meli ya kifahari, mojawapo ya zile zinazoikimbia baridi ya Ulaya na kuzunguka bandari za nchi za Ghuba kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Yao ingetoka Dubai, ipitie Doha, Khasab na Muscat, kisha irudi Dubai. Mwalimu, aliyefundisha jiografia hadi kustaafu, alizionyesha bandari zote kwenye ramani bila kuvaa miwani. Mkewe alitaka kujua kama ndani ya meli kuna ugali.

Jambo ambalo mgeni wa mara ya kwanza hugundua akiwa amechelewa ni kwamba nauli hulipia kitanda, chakula na maonyesho ya usiku, lakini haimtoi bandarini. Akitaka kuuona mji aliofikishwa, anachagua ziara ya nchi kavu na kuilipia kando. Orodha huja mapema, na bandari moja yaweza kuwa na ziara kumi au zaidi. Kila ziara ina alama ya kuonyesha jasho litakalotoka. Katika orodha hii alama ilikuwa kiatu: kiatu kimoja maana yake ni kukaa ndani ya basi, na viatu vitatu ni kupanda majabali chini ya jua la Uarabuni. Zilizo maarufu hujaa kabla meli haijang'oa nanga.

Mwalimu aliikabili kazi hii kwa karatasi ya fuliskepu na rula. Akachora safu: bandari, jengo, mwaka, umuhimu. Muscat aliutaka Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, wenye zulia la mita 70 kwa 60 lenye uzito wa tani 21, na ambao wasio Waislamu huruhusiwa kuuona asubuhi tu, hadi saa tano, isipokuwa Ijumaa. Doha alilitaka Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, lililochorwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 2008. Nyar Kaksingri alichukua karatasi hiyo hiyo, akaigeuza upande wa pili, akaanza kugawanya bei kwa saa, jinsi anavyogawanya bei ya gunia kwa gorogoro. Kwa hesabu yake, msikiti ulikuwa ghali kuliko jahazi, na jahazi lilikuwa wizi.

Kundi la WhatsApp la ukoo halikukosa maoni. Shemeji mmoja wa Homa Bay, ambaye safari yake ndefu zaidi majini ni feri ya Mbita kwenda Luanda Kotieno, aliandika kwa herufi kubwa kwamba ziara za meli ni za wajinga. Ukishuka, toka nje ya lango, kodi teksi, okoa nusu ya pesa. Wengi wakaweka vidole gumba. Ndipo mpwa aliyeko Eldoret akatuma habari ya São Tomé, na kundi likanyamaza hadi usiku.

Habari yenyewe ni ya kweli na ilizunguka dunia nzima. Tarehe 27 Machi 2024, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walishuka kwenye kisiwa cha São Tomé, magharibi mwa Afrika, wakaenda ziara waliyojipangia wenyewe bila kupitia kwa meli. Wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti hadi ubavuni mwa meli, ambayo bado ilikuwa imetia nanga wakiiona kwa macho yao, lakini nahodha akakataa kuwapandisha. Pasipoti zao zilikuwa zimekwisha kuachwa kwa wakala wa bandari. Wakatafuta ndege hadi Gambia ili waidakie Banjul. Siku hiyo maji yakakupwa, meli ikashindwa kutia gati, ikapita. Ikabidi wafuate barabara hadi Dakar, Senegal, na huko ndiko walikoipanda tena, tarehe 2 Aprili.

Kanuni iliyowaponza ni fupi: basi la ziara iliyouzwa na meli likichelewa, meli hungoja, aliyejipeleka mwenyewe hangojwi. Bei ile kubwa, kwa kiasi fulani, ni ada ya kungojwa.

"Boti za Sori hazina saa, huondoka zikijaa," alisema Nyar Kaksingri, akiwa ameshtuka kweli. "Hata ukiwa umerudi nyumbani kufunga kuku, wanakungoja. Wanakutukana, lakini wanakungoja." Kuanzia hapo alikubali ziara za meli, ila kwa masharti: mbili za kulipia, Doha na Khasab, na Muscat kila mtu atajijua.

Binti alipopiga simu kuuliza kwa nini baba amechagua makumbusho na majengo peke yake, Mwalimu alitoa somo refu juu ya thamani ya urithi wa dunia. "Sawa, Baba," binti akasema. "Na Thimlich Ohinga umeshafika?"

Simu ikawa na tatizo la mtandao ghafla.

Thimlich Ohinga iko Migori, kaunti yake mwenyewe: boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, linalokadiriwa kujengwa karne ya 16, kuta nyingine zikifika zaidi ya mita nne. UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mwalimu aliifundisha kwa miaka, akaichora ubaoni kwa chaki za rangi, na hakuwahi kukanyaga huko kwa sababu gari la shule halikuwahi kuwa na mafuta siku aliyoipanga. Mwandishi huyu hana haki ya kumcheka. Nusu ya watu wa Sori wako hivyo hivyo.

Na hebu meli ya kifahari itie nanga katika ghuba ya Karungu, hapo hapo Sori. Wauzaji wa ziara hawangekosa bidhaa. Kiatu kimoja: Mbuga ya Ruma, upande wa Homa Bay, makao ya mwisho ya swala korongo nchini Kenya. Viatu viwili: Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948 na ambako Tom Mboya amezikwa, kisha michoro ya kale ya miambani Mfangano. Kwa wasiotaka kwenda mbali, Karungu yenyewe, ambako mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza Felix Oswald alichimba mifupa ya Deinotherium, mnyama wa jamii ya tembo ambaye pembe zake zilitoka taya la chini na kuelekea ardhini. Viatu vitatu: Migingo, kisiwa kisichofikia nusu ya uwanja wa mpira, kilichojaa mabati na wavuvi, kinachogombaniwa na Kenya na Uganda. Wageni wataombwa wasigeuke kwa ghafla, wasije wakamwangusha mtu ziwani. Kutazama omena ikianikwa, bure. Harufu imo ndani ya bei.

Doha ndiko mambo yalikoharibika, na kilichoyaharibu ni saa.

Mwalimu anavaa saa ya mkononi aliyopewa na shule siku ya kuagwa. Hakuigusa tangu Nairobi. Dubai iko mbele ya Kenya kwa saa moja, na kwa mtu wa jiografia kujumlisha moja kichwani si kazi. Lakini Doha inalingana na Nairobi dakika kwa dakika. Aliposhuka akakuta saa ya kituo cha abiria, ya ndani ya basi na ya simu ya dereva zote zinakubaliana na yake, alijisikia amepokelewa kwao. Kitu ambacho hakukisikia, kwa kuwa wakati huo alikuwa akimweleza Mjerumani wa kiti cha nyuma habari za longitudo, ni tangazo kwamba meli haikubadilisha saa. Baadhi ya meli hufanya hivyo makusudi, ili abiria wasichanganyikiwe kila bandari. Meli ilikuwa bado kwa saa za Dubai, na kwa saa hizo basi lingeondoka Souq Waqif saa tisa alasiri.

Kwa hiyo ilipogonga saa nane ya Doha, wenzao wenye kibandiko namba 14 kifuani walianza kuelekea kwenye basi. Mwalimu na mkewe walikuwa kibarazani wakinywa chai ya karak, kitoweo kikiwa ni watu wanaopita.

"Mwalimu, hawa wa namba yetu wanaenda wapi?"

"Wazungu hawana subira. Tuna saa nzima."

"Hata yule Mjerumani wako ameenda."

"Ameenda kupotea."

Mwongoza watalii aliwapigia simu bila mafanikio. Simu zao zilikuwa zimezimwa data na laini, kwa amri ya binti, aliyeonya kwamba kupokea simu ugenini kutawafilisi. Saa tisa kamili ya Doha, bila kuharakisha, wakatokea kwenye maegesho. Basi zima lilikuwa limekaa humo saa nzima. Walipopanda, abiria wote walipiga makofi, yale makofi ya polepole yasiyo na furaha ndani yake. Mwalimu aliinua mkono akawapungia na kuwashukuru. Alidhani ni utaratibu.

Meli ilikuwepo gatini, ngazi bado imeshushwa. Ile ada ya kungojwa ilikuwa imefanya kazi yake, na Nyar Kaksingri, aliyeipinga kuliko wote, ndiye aliyeitaja kwa heshima wakati wa chakula cha jioni.

Khasab walipanda lile jahazi la dola tisini. Mwalimu alilitaka kwa sababu ya Kisiwa cha Telegrafu, kijiwe kilichomo kati ya majabali ya Musandam, ambako mwaka 1864 Waingereza walijenga kituo cha waya wa telegrafu wa kuunganisha India na Iraki, wakakihama baada ya miaka michache. Alikitazama kwa dakika ishirini na kuandika daftarini. Mkewe alikagua chombo. Aliwapita wageni waliokuwa wakisita ukingoni, wakishikana mikono kuvuka kati ya gati na jahazi, akaingia na mkoba wake kwa hatua moja. Akahesabu makoti ya kuokolea maisha, akakuta yanatosha watu wote na kubaki, jambo ambalo hakuwahi kuliona Sori. Akasikiliza injini, akamwambia mumewe kwamba plagi moja inakaribia kufa. Pomboo walipochomoza na watu wote kusimama na simu zao, aliuliza kama wanaliwa.

Muscat ndiyo ziara aliyoichagua mwenyewe, na haikuwa kwenye orodha. Meli za abiria hutia gati Mutrah kwenyewe; basi la bure hukufikisha lango la bandari, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu hadi soko la samaki, jengo jipya jeupe la mwaka 2017 lililochorwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway. Mwalimu alikwenda msikitini kulipima zulia kwa macho. Nyar Kaksingri alikwenda kuona bei ya samaki.

Alimkuta nguru, akamkuta jodari mrefu kuliko benchi, akawa anazungumza peke yake kwa Kiswahili juu ya mizani, kuwa haikai sawa. Mzee mwenye kanzu na kofia ya mkono, aliyekuwa akinunua, akageuka.

"Hiyo mizani iko sawa, mama. Wewe wa wapi?"

Alikuwa mzaliwa wa Unguja, mmoja wa wengi waliohamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, hasa kuanzia 1970 Sultani Qaboos alipowafungulia milango. Kwa nusu saa walipatana bei za watu wengine. Mzee hakujua Sori iko wapi, lakini alijua dagaa wa ziwa. Akampeleka kwenye duka la samaki wakavu, akamwonyesha papa, kisha mfuko wa visamaki vidogo vya rangi ya fedha. Nyar Kaksingri akatia mkono ndani, akavunja kimoja, akakitafuna. Alikuwa amesafiri hadi Uarabuni, na hapa palikuwa na omena, ya chumvi zaidi, lakini omena. Akanunua kilo mbili.

Mashine ya ukaguzi kwenye ngazi ya meli haikuupenda mfuko ule. Chakula kibichi, au kikavu kisichofungwa kiwandani, hakipandi melini kutoka bandarini. Ni kanuni ya karibu meli zote. Mlinzi, kijana Mfilipino, alifungua mfuko, akaunusa mara moja, na uso wake ukabadilika kabisa. Kwao dagaa kavu ni chakula cha asubuhi. Alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba lazima auchukue.

Nyar Kaksingri aliomba risiti. Hakuna risiti. Aliomba wampimie, ili ijulikane ni kilo mbili. Hakuna mizani. Alimtazama kijana, akaitazama njia ambayo mfuko ungepitishwa kuelekea upande wa wafanyakazi, akapiga hesabu.

"Basi nisikilize," akamwambia kwa Kiingereza chake cha ufuoni. "Vunja vichwa. Osha kwa maji ya moto mara mbili, hii ina chumvi. Kaanga kwanza, kitunguu na nyanya baadaye. Na usitie maji mengi!" Nyuma yake foleni ilikuwa imeshuka ngazi yote hadi kwenye mlango wa basi, ambako Mwalimu, aliyerudi kutoka msikitini, alikuwa akimweleza yule Mjerumani kwamba hamfahamu mama huyo.