Goti Halisomi Magazeti

Gwiji wa mpira wa kikapu akistaafu, swali moja humfuata hadi uzeeni: akirudi uwanjani leo, atawaweza vijana? Wanaouliza ni wa aina mbili. Wapo mashabiki waliomwona enzi zake na hawako tayari kukubali kwamba enzi hizo zimepita, na yupo yeye mwenyewe, hasa usiku, baada ya kumtazama kijana anayelipwa fedha nyingi kwa kukosa mitupo ambayo yeye asingeikosa. Ligi ya Marekani, NBA, imekwisha kulijibu swali hili mara nyingi, na majibu yake huchekesha kuliko yanavyohuzunisha.

Mwili haustaafu wote siku moja. Kinachotangulia kuondoka ni wepesi wa mguu: kuruka ghafla, kugeuka, kukata kona. Shabaha ya mkono hudumu miaka mingi, na maarifa ya mchezo huzidi kukua. Kwa hiyo mkongwe huiona nafasi mapema kuliko wenzake wote, huamua vizuri kuliko wenzake wote, kisha hufika pale nafasi ikiwa imeshafungwa. Gegedu ya goti nayo haina mishipa ya damu ya kuiponya, iliyolika imelika. Goti halisomi magazeti, wala halina habari limekuwa likimbeba nani.

George Mikan aliyajua hayo mapema. Alistaafu mwaka 1954 akiwa na mataji matano ya NBA na Minneapolis Lakers, timu iliyocheza kwa kumsubiri jitu lao lifike chini ya kikapu. Wapinzani nao walijifunza kusubiri: mwaka 1950 Fort Wayne Pistons waliukumbatia mpira mechi nzima wakashinda 19 kwa 18, na katika hizo 18 Mikan peke yake alifunga 15. Ili watazamaji wasisinzie tena, ligi ikaweka saa ya sekunde 24 msimu ule ule uliofuata kustaafu kwake. Aliporudi mwaka 1956 akakuta mchezo una haraka kama kondakta wa daladala. Katika mechi 37 wastani wake ulikuwa pointi 10.5, chini ya nusu ya ule aliouzoea.

Hatari huwa kubwa zaidi mkongwe akiwa pia kocha, kwa sababu hapo hakuna wa kumwambia aketi. Nat Hickey, kocha wa Providence Steamrollers, alijiingiza uwanjani mwaka 1948 zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 46. Timu yake ilikuwa mbovu kiasi kwamba uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Hakuna aliyezeeka kuliko yeye katika mechi za ligi hiyo mpaka leo, na haielekei kwamba wapo wanaoivizia rekodi yenyewe.

Bob Cousy alikuwa na sababu bora zaidi ya kujiamini. Akiwa Boston Celtics alitwaa mataji sita, na hapakuwa na mtoa pasi wa kumlinganisha naye. Alistaafu mwaka 1963, akarudi mwaka 1969, na miaka yake 41, kama kocha mchezaji wa Cincinnati Royals. Mnamo Novemba mwaka huo timu yake ilikuwa ikiwaongoza New York Knicks, waliokuwa wameshinda mechi 17 mfululizo. Nyota wa Royals, Oscar Robertson, akatolewa kwa faulo. Kocha Cousy akalitazama benchi lake, akamwona mtu mmoja tu wa kuaminika, akajiingiza mwenyewe. Mambo yalianza vizuri: alipata mitupo huru miwili, akafunga yote. Kisha, sekunde chache kabla ya mwisho, akarusha mpira kutoka pembeni, na Dave DeBusschere wa Knicks akaupora na kufunga. Knicks wakashinda 106 kwa 105, ushindi wa 18 mfululizo, rekodi ya wakati ule. Mtoa pasi mkuu wa kizazi chake aliponzwa na pasi. Alicheza mechi saba msimu huo na kufunga jumla ya pointi tano. Inasemwa kwa upole tu kwamba kocha alimpunguzia dakika.

Magic Johnson aliondoka mwaka 1991 kwa sababu ya maambukizi ya virusi vya Ukimwi, hivyo kurudi kwake Januari 1996 kulikuwa na maana kubwa kuliko mchezo. Siku ya kwanza alifunga pointi 19 na kutoa pasi 10 za magoli, na Los Angeles nzima ikaamini miaka imerudi nyuma. Miaka haikurudi, kilichorudi ni Magic mwenye kilo nyingi zaidi, akicheza jirani na kikapu badala ya kuongoza mashambulizi. Baadaye alimkosoa hadharani kijana wa timu yake aliyemsukuma mwamuzi, na siku chache tu zikapita kabla yeye mwenyewe hajamgonga mwamuzi na kufungiwa mechi tatu. Busara pia huchoka miguu.

Anayetajwa zaidi katika mjadala huu, hata hivyo, ni Michael Jordan. Baada ya mataji sita na Chicago Bulls na kustaafu mara mbili, mwaka 2000 akawa bosi wa Washington Wizards. Timu hiyo ilishinda mechi 19 tu katika msimu wa 2000-01. Bosi wa kawaida hutafuta mchezaji; huyu akajiajiri. Kanuni zikamlazimu kuziachia kwanza hisa alizokuwa nazo katika timu, na Oktoba 2001, akiwa na miaka 38, akavaa jezi.

Kilichofuata ndicho jibu kamili la swali lenyewe. Tarehe 27 Desemba alifunga pointi 6, na ukawa mwisho wa mechi 866 mfululizo za kufikisha pointi kumi au zaidi. Wachambuzi wakaandaa tanzia. Siku mbili baadaye akafunga 51, na mkesha wa mwaka mpya akaongeza 45. Tanzia zikarudishwa kabatini. Februari, katika mechi ya nyota mjini Philadelphia, akabaki peke yake mbele ya kikapu, bila beki hata mmoja, akaruka ili auzamishe mpira, akaukosa. Kabla mwezi haujaisha goti lake la kulia likafanyiwa upasuaji.

Mtu yule yule, basi, aliweza na hakuweza, na kilichoamua ni goti limeamkaje. Wanaobishana kama Jordan wa miaka 38 alikuwa bado Jordan huwa wanazungumzia usiku tofauti, na kila upande una ushahidi wake. Msimu wa pili alicheza mechi zote 82 kwa wastani wa pointi 20, na siku nne baada ya kutimiza miaka 40 akafunga 43. Wizards walimaliza na ushindi 37 misimu yote miwili na hawakuingia hatua ya mtoano. Mei 2003, alipotaka kurejea kwenye kiti chake cha ubosi, mwenye timu akamwonyesha mlango. Hasara ya takwimu ilikuwa ndogo lakini ya kutisha: wastani wake wa maisha ukashuka hadi pointi 30.12, ukiupita ule wa gwiji mwingine, Wilt Chamberlain, kwa unywele tu.

Mapambano ya mmoja kwa mmoja hayasaidii sana kulimaliza suala hili, maana hayana kesho. Mwaka 1992 mstaafu Kareem Abdul-Jabbar, miaka 44, alimshinda mstaafu mwenzake Julius Erving, miaka 42, kwa 41 kwa 23 mjini Atlantic City, na watu walilipia televisheni kuwatazama wazee wawili wakihema. Jordan mwenyewe, kati ya kustaafu mara ya pili na kurudi, alikwenda mazoezini Chicago kumnyamazisha kijana mmoja aliyejitapa, akamshinda 11 kwa 9. Mwaka 2003, miezi michache baada ya kuvua jezi, akafungwa 3 kwa 2 na mfanyabiashara wa makamo kambini kwake mwenyewe. Ukichukua matokeo haya kama yalivyo, wafanyabiashara ndio walinzi hodari kuliko wote.

Rekodi ya mtu mzima kuliko wote kufikisha pointi 40 katika mechi moja ilikaa kwa Jordan hadi Februari 2025, LeBron James alipofunga 42 dhidi ya Golden State Warriors akiwa ameupita umri wa Jordan wa siku ya zile 43 kwa mwezi mmoja na siku chache. Lakini LeBron hafai kuwa ushahidi hapa, kwa kuwa kufikia siku hiyo alikuwa hajastaafu hata mara moja, jambo ambalo mashabiki wa Jordan wamekuwa wakimsihi alifanye.