YAH: Pongezi kwa vita dhidi ya vilainishi

Wizara ya Afya,
Dodoma.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi watu wa Songea hatusahau fadhila. Ndiyo maana, ingawa miaka imepita, nawapongeza kwa tangazo lenu la Julai 2016 la kupiga marufuku vilainishi, kwa maelezo kwamba vinachochea ushoga. Kumbe mwanamume huwa salama mpaka siku akutane na tyubu ya jeli! Kagueni basi na wodi zenu. Manesi hupaka jeli hiyohiyo wanapoweka mpira wa mkojo, na sijui wamekwisha kuwaharibu wazee wangapi wenye tezi dume.

Jeli ilipoadimika, watu walikimbilia mafuta ya mgando na ya kupikia, ambayo hudhoofisha mpira wa kondomu mpaka unapasuka. Mkono mmoja unagawa kondomu bure, mwingine unahakikisha hazifiki mwisho wa safari.

Februari 2017 mkafunga vituo takriban 40 vilivyohudumia mashoga na makundi mengine yaliyo hatarini kwa upimaji na ushauri wa VVU. Waende hospitali za kawaida kama wengine. Sawa. Chukulieni kijana wa Lizaboni mwenye kidonda sehemu ya haja kubwa. Anafika mapokezi, anaulizwa kwa sauti, mbele ya benchi zima la majirani, anaumwa nini, kisha anatakiwa kuja na mwenza wake. Mwenza! Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinawaahidi wote wawili kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Kijana anasema tumbo. Anaandikiwa dawa ya minyoo. Kwa mujibu wa daftari, Songea haina shoga hata mmoja, ila minyoo imezidi.

Kasoro ni moja: virusi havikupewa nakala ya tangazo. Jirani zetu wa Njombe, utafiti wa 2022–23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, wakati kitaifa ni 4.4, na mabasi yetu hupita huko kila siku. Huyo wa minyoo naye ukoo unamtafutia mchumba. Kadi za michango zimeshachapwa.

Mwongozo wenu wenyewe wa mwaka 2014 ulitaka makundi haya yapewe huduma za VVU bila unyanyapaa. Naomba nakala moja ibandikwe pale mapokezi, kando ya lile tangazo la kuzima simu, na anayekaa hapo aisome kabla hajamwita mgonjwa anayefuata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi, Songea.