C ya Tarehe Moja

Ukitaka kuijua c ya y = mx + c, nunua umeme wa LUKU tarehe moja. Hela umetuma, tokeni zimeingia, na kabla hujawasha hata feni, 1,500 imeshakwenda kwenye kodi ya jengo. Ilianza 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa 2023. Usiponunua miezi mitatu, inakusubiri ikiwa 4,500. Na mpangaji akiuliza jengo lenyewe ni la nani, risiti haina la kusema.

Mpwa wangu wa kidato cha kwanza alipewa achore y = 2x + 3, akawa haelewi hiyo 3 imetokea wapi ikiwa x ni sifuri. Nikamwambia achore LUKU yetu kwanza. Uniti moja, pamoja na makato, ni kama shilingi 356. Basi: y = 356x + 1,500. Uniti kwenye mhimili wa x, hela kwenye y.

Akachangamka, akashika rula. Tatizo darasani wamezoea sentimita moja kwa namba moja.

"Anko, karatasi imeisha."

Ingeachaje kuisha? Sentimita 1,500 ni mita 15. Nukta ya kwanza tu, ya mtu ambaye hajatumia umeme wowote, ilitaka tupande mnazi wa jirani. Ya uniti 10, yaani 5,060, ingekuwa zaidi ya mita 50 hewani, huko na vumbi.

Hapa Wazo hakuna siku asipokuwepo mtu anayejenga. Kiwanda cha saruji kipo hapo mlimani tangu 1966, na bado mfuko hatujawahi kuuziwa bei ya ujirani. Fundi wa uzio wa jirani akaja kuomba maji ya kunywa, akachungulia daftari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Dogo, hapo vigingi viwili tu, kamba katikati, kazi imekwisha."

Kweli kabisa. Tukashusha kipimo: sentimita moja kwa shilingi 1,000, na sentimita moja kwa uniti mbili. Kigingi cha kwanza 0 na 1,500. Cha pili 20 na 8,620. Lakini rula mdogo wake alishaitafuna pembeni, mstari ukatoka na mabonde. Fundi hakuvumilia. Akachomoa uzi mfukoni, akaupaka masizi ya sufuria, akaubana kwenye nukta zote mbili, akaufyatua. Paa!

Mstari ulinyooka haswa. Tulipojaribu nukta ya tatu ya kukagua, uniti 10, ikakaa juu yake pasipo ubishi. Masizi yaliyobaki yalikaa kwenye shati jeupe la shule, lililokuwa limefuliwa jioni ileile na kutundikwa kitini.

Fundi alikuwa bado ameinamia karatasi. "Huyu hapa hajawasha hata taa. Elfu na mia tano ya nini?"

"Ya jengo."

"Mimi nimepanga!"

Shati likarudi kwenye beseni. Usiku mpwa akalipiga pasi likiwa bado bichi, nikamuuliza hiyo pasi imekula kiasi gani. Akaenda kuchungulia mita.

"Nusu uniti, Anko. Hiyo ni mx tupu: 178."