Nazi Moja kwa Nazi Tatu

Mtu akikwambia maisha ya Ulaya ni ghali, muulize: ghali kwa hesabu ya nani? Mimi nimekaa London muda wa kutosha kuacha kuchenji bei kichwani. Nikiona maziwa ya paundi moja na nusu, naona maziwa tu. Amani hiyo ilidumu hadi kiangazi cha 2023, shangazi yangu alipokuja kunitembelea kutoka Muheza. Wakati huo paundi moja ilikuwa shilingi 3,000 na kidogo, na tatizo lote lilianzia hapo, kwa sababu 3,000 ni namba nyepesi mno kuzidisha. Ingekuwa 2,847 huenda tungepona.

Tena shangazi haishii kwenye shilingi. Shilingi kwake ni stendi ya kubadilishia gari. Safari yake inaishia kwenye nazi. Msimcheke. Jarida la The Economist limekuwa likilinganisha sarafu za dunia kwa bei ya baga ya Big Mac tangu 1986, kwa hoja kwamba kitu kilekile kikiuzwa kila nchi kitaonyesha fedha ipi imevimba na ipi inaonewa. Tanzania hatuna McDonald's hata moja, kwa hiyo hesabu ile haituhusu. Shangazi ana minazi, basi akaweka kipimo chake: nazi moja ya Muheza, shilingi elfu. Viatu vyangu ni nazi 180. Kitabu nilichokuwa nasoma ni nazi 30, na akauliza kama kina picha.

Siku tuliyoikuta nazi yenyewe dukani, kavu, ina manyoya kama imeamka sasa hivi, akaitikisa sikioni na kusikiliza kwa muda. Kisha akauliza bei. Nikamwambia paundi moja na ushei.

"Yaani natoa nazi tatu napewa nazi moja?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na hii haina hata maji."

Akairudisha rafuni kwa upole, kama anamsitiri mtu.

Basi la abiria lilikuwa balaa la aina yake. Alipanda, akakaa, akaanza kumtafuta kondakta. Nikamweleza kwamba hakuna kondakta, kwamba mabasi ya London yameacha kupokea fedha taslimu tangu 2014, na kwamba ile kadi niliyompa aguse pale mlangoni ndiyo imeshalipa paundi 1.75. Akazidisha. "Elfu tano na mia mbili na hamsini! Na tunashuka hapo mbele?" Kwa nauli hiyo, akasema, anatoka Muheza anafika Tanga mjini, anarudi, na chenji ya soda inabaki. Ili kumtuliza nikamwambia kwamba ukigusa kadi kwenye basi jingine kabla saa moja haijaisha, hulipi tena.

Hatukushuka hapo mbele. Tulipanda ghorofani, tukakipita kituo chetu, tukashuka, tukapanda jingine, tukashuka, tukapanda jingine tena. Tuliitalii Hackney yote bila shughuli yoyote. Dakika ya 58 alinisukuma ndani ya basi la nne, akagusa kadi, akakaa, akapumua. "Sasa kila basi limekuwa elfu moja na mia tatu," akasema. "Angalau." Nyumbani tulirudi kwa miguu.

Kwa machungwa hakutaka hata hesabu. Mtu wa Muheza kuuziwa chungwa mojamoja ni sawa na kumtoza mvuvi kiingilio cha baharini. Msimu ukifika kwao, machungwa hurundikwa kando ya barabara ya kwenda Segera, malori hubeba ya Dar es Salaam na ya Kenya, na bado mengine huoza chini ya miti. Hapa chungwa moja, la Hispania, lilikuwa zaidi ya shilingi elfu. Kilichomkera zaidi kilikuwa rangi. Machungwa ya Muheza huiva yakiwa ya kijani, kwa sababu ukijani wa ganda huondolewa na baridi ya usiku, na Muheza baridi hiyo haipo. Nilimweleza hayo yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akalikwaruza chungwa kwa ukucha kuona kama rangi itatoka.

Mambo yakageuka kwenye kuku. Kuku mzima, amenyonyolewa, amesafishwa, kwa paundi nne. Shangazi akazidisha mara mbili, akapata 12,000 mara zote mbili, akanitazama kwa hofu. Jogoo wa kienyeji kwao anaweza kufika 25,000, na kumchinja na kumnyonyoa ni juu yako.

"Alikuwa na ugonjwa gani?"

Nilimwapia kwamba kuku ni mzima. Akakubali kumpika huku akimlinda kama mtuhumiwa. Hata hakumaliza kukatia vitunguu vya mchuzi, nyama imeshaanza kuachana na mfupa. "Kuku gani anaiva kabla ya kitunguu?" Ni kweli kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, umri ambao mwenzake wa Muheza bado anamfuata mama yake jalalani.

Hapo ndipo nilipojaribu kumfundisha uchumi, kwa sababu niliona amelainika. Nikamwambia aache kuchenji fedha, achenji muda. Kima cha chini cha mshahara Uingereza mwaka ule kilikuwa paundi 10.42 kwa saa kwa mwenye umri wa miaka 23 na kuendelea. Maana yake kuku yule ni dakika 23 za kazi ya mtu anayefagia ofisi. Kibarua wa Muheza atalima siku kadhaa kabla ya kumgusa jogoo wa 25,000. Nani basi ananunua kuku ghali? Na kinyume chake: kunyoa nywele hapa nalipa paundi 20, shilingi 60,000, wakati Muheza nanyolewa kwa 2,000 na kupakwa poda juu. Mashine ya kunyolea ni ileile, imetoka kiwanda kilekile. Ila mashine hupanda meli na kinyozi hapandi. Kinyozi wa London anakula London, analala London, na bei yake lazima ilipie kitanda chake. Huduma za kwetu tunaziona rahisi kwa sababu anayezitoa analipwa kidogo, na hatupendi kulisema hilo tukiwa tumekaa kwenye kiti chake.

Niliona nimesema jambo la maana sana. Shangazi akatikisa kichwa, akanywa chai.

"Na wewe kitanda chako ni bei gani?"

Nikajaribu kuzungumzia hali ya hewa.

"Mwanangu, nimekuuliza kodi ya chumba."

Paundi 900 kwa mwezi. Akazidisha kwa mwezi, akazidisha kwa mwaka, akaomba kalamu. Ilitoka nazi 32,400. Alikaa kimya hata nikadhani amesinzia. "Mwaka mmoja tu," akasema hatimaye, "ungekuwa umeshapaua." Na kwa mtu wa kwetu, ukishaambiwa hivyo huna la kujitetea. Dakika 23 za kuku zilizimika palepale.

Mahali pekee alipostarehe ni soko la Ridley Road, Dalston. Dukani alikuwa amenyanyasika: mashine ya kujilipia mwenyewe ilimpigia kelele kwa sababu aliweka kikapu chake cha ukindu mahali pa mzigo, na alipouliza bei ya mwisho haikumjibu. Ridley Road alikuta nyanya zimepangwa kwenye mabakuli, bakuli paundi moja. Uso ukamkunjuka. Hilo ni fungu. Kumbe wanalijua! Hakuhitaji Kiingereza. Alilizungusha bakuli kuangalia nyanya za chini, akatoa moja iliyopondeka, akachukua nzuri kutoka bakuli la jirani, akaiweka juu, kisha akachukua nyingine ya nyongeza na kumtazama muuzaji machoni. Muuzaji akatazama nyanya, akamtazama shangazi, akacheka, akamtupia na pilipili mbuzi moja. Tulirudi nyumbani na shangazi anaimba. Kwa hesabu yake alikuwa ameokoa nusu nazi.

Siku ya kuondoka alifungasha zawadi za watu wote na furushi la mifuko ya plastiki aliyoikusanya na kuikunja vizuri, mali ambayo ilibidi niitoe sandukuni usiku, maana Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019. Alipogundua alinipigia simu kunilaumu kwa dakika nyingi, na simu alipiga yeye, kwa bando lake, jambo linaloonyesha uzito wa hasira.

Mimi nami nikienda nyumbani ugonjwa unanigeukia. Bajaji akitaja 5,000 kwa safari ya 2,000, kichwa changu kinasema "paundi moja na nusu tu" na mkono unatoa. Shangazi hilo halivumilii. Anasema watu wa nje ndio tunaowaharibia bei wenyeji: tunakuja wiki tatu, tunalipa kila tunachotajiwa, tunapanda ndege, bei inabaki. Ana haki. Lakini ingieni supermarket ya Dar es Salaam mtafute jibini au nafaka za kifungua kinywa zilizotoka Ulaya, mtakuta bei inayoshinda ya London, na hapo ni mimi ninayezirudisha rafuni kwa upole.

Halafu ikaja Februari 2024. Mvua kubwa zilikuwa zimevuruga uzalishaji wa sukari Tanzania, na maeneo mengi kilo ikapita shilingi 4,000. Mimi nilikuwa najiandaa kusafiri. Simu ikaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hapo kwenu sukari kilo ni bei gani?"

Nikataja bila kufikiri: paundi moja na peni kidogo. Nikasikia pumzi ikivutwa, kisha kimya cha mtu anayezidisha.

"Ndege inakuruhusu mzigo kilo ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Na nguo zako hizo," akasema, "si tulikubaliana utanunua nyingine hukuhuku?"