Mchezo Usio na Kidole

Dadu iliniponyoka wakati tramu namba 81 inaondoka kituo cha Bethléem. Ikaviringika chini ya viti, ikapita katikati ya viatu vya bibi mmoja, ikasimama mbele ya mbwa wake. Nikainama kuchungulia. Mbwa akaikalia. Wakati huo nilikuwa vitani na zimwi aliyebakiwa na nguvu mbili tu, na nilitaka kujua dadu imesimama kwenye ngapi. Jaribu wewe kumwomba bibi wa Brussels, kwa Kifaransa cha miezi minne, amwinue mbwa wake ili uone kama umemuua zimwi. Nilipomaliza kueleza, kituo changu cha Barrière tulishakipita zamani. Nilishuka Montgomery, mwisho wa njia, sina dadu.

Lawama zote namtupia mwalimu wangu wa Kifaransa, aliyetuambia tusome vitabu vya watoto. Nikaenda soko la mitumba la Place du Jeu de Balle, ambalo huwapo kila siku, si mbali na lango la Porte de Hal, nikatoa yuro moja na kuondoka na Le Sorcier de la Montagne de Feu. Ni tafsiri ya The Warlock of Firetop Mountain, kitabu ambacho Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walikitoa mwaka 1982. Hakisomwi kwa mfululizo. Kina vipande 400 vyenye namba, na kipande kikiisha unaulizwa: unafungua mlango? Nenda namba hii. Unakimbia? Nenda ile. Shujaa ni wewe msomaji. Na kwa kuwa ni Kifaransa, kitabu kinakuita "vous", lile "ninyi" la heshima, tangu mwanzo hadi mwisho. Hata ukitafunwa, unatafunwa kwa heshima, kama mtu anayekuamkia shikamoo huku anakusukuma kisimani.

Kabla ya safari unarusha dadu kujua ustadi wako, nguvu zako na bahati yako. Mwenye kitabu wa kwanza alishajaza za kwake, tena kwa wino: ustadi 12, nguvu 24, bahati 12. Kila namba imegota kwenye upeo wake. Nikapiga hesabu: kuzipata zote tatu kihalali ni bahati ya mara moja katika 1,296. Mtoto yule sasa ni mtu mzima mahali fulani hapa mjini, na namwomba Mungu asiwe mhasibu. Mimi nilirusha kwa uaminifu, nikapata 7, 15 na 8, nikafa kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo nilipojua kazi ya kidole. Ukifika njia panda, unaacha kidole kwenye ukurasa ulipo na kuchungulia mbele. Ukikuta shimo, unarudi kama ambaye hajaondoka. Jioni moja nilikuwa nimeingiza vidole vinne vya mkono wa kushoto kwenye kurasa nne, mkono wa kulia umeshika penseli, simu ya dada ikaita. Nikaipokea kwa kidevu. Akaniuliza mbona naongea kama mtu aliyefungwa kamba. Nikamweleza ukweli, na ndiyo maana kesho yake alimtuma mwanawe aje kuniangalia.

Mpwa wangu ana miaka 14, kazaliwa hapa hapa Saint-Gilles, na kwake kitu kisichochajiwa ni kitu kibovu. Alikishika kitabu kwa ncha za vidole, kama samaki aliyelala.

"Mjomba, hii ni gemu iliyoharibika. Tuifanye gemu ya kweli."

Si yeye wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka 1984 kitabu hicho hicho kilifanywa mchezo wa kompyuta ya ZX Spectrum. Maneno karibu yote yalitupwa, akabaki mtu anayekimbia mapangoni kutafuta funguo. Mwaka 2016 Tin Man Games wa Australia wakakirudia kwa wahusika walio kama vinyago vya mezani vilivyopakwa rangi, na vita hawakuviacha tena mikononi mwa dadu peke yake: wewe na adui mnachagua hatua, kisha mnakwenda kwa pamoja. Lakini wenye akili, kwa maoni yangu, ni inkle wa Cambridge, walioanza mwaka 2013 kuvigeuza vitabu vinne vya Jackson viitwavyo Sorcery!. Wao walimruhusu mchezaji arudi nyuma mpaka pale alipokosea. Katika mazimwi, mapanga na uchawi wote ule, waliona kwamba kitu cha kuhamisha kwanza ni kidole.

"Huo ni wizi," alisema mpwa. Haya anasema mtoto anayecheza Baldur's Gate 3, kazi ya Larian wa Ghent, nusu saa hivi kwa treni kutoka hapa, na ambaye nimemwona kwa macho yangu akihifadhi mchezo kabla ya kugusa kila mlango.

Mlima wa mchawi wa kitabuni una wenyewe, wenye haki zao, kwa hiyo tukatunga safari yetu. Tulitumia Twine, programu ya bure ambayo unaandika vipande ndani ya visanduku na kuviunganisha kwa mishale. Shujaa anatoka soko la Jumapili la Gare du Midi akiwa na samaki na unga, na lazima apande kilima mpaka kwa dada, nyuma ya Hôtel de Ville, yaani ofisi za manispaa, kabla maji ya ugali hayajakauka. Mandhari tuliyakuta tayari. Gereza la Saint-Gilles, la mwaka 1884, lina minara utadhani ngome ya mfalme wa Kiingereza. Porte de Hal ni lango la kweli la karne ya 14, ila mnara wa mviringo na paa lake la ncha ni nyongeza za msanifu Henri Beyaert za miaka ya 1868 hadi 1870, ili lionekane la kale kuliko lilivyokuwa. Wabelgiji walikuwa wanatengeneza gemu kabla ya umeme.

Balaa likaanzia stesheni. Mimi nilikiita kisanduku cha kwanza Midi. Mpwa, anayesoma shule ya Kiholanzi, akatengeneza cha kwake, Zuid. Ni stesheni ile ile, kwa lugha mbili. Shujaa wetu akatoka Midi, akatembea visanduku vinane, akafika Zuid na samaki wamechacha. Nilicheka sana, mpaka nilipokumbuka siku yangu ya kwanza Brussels, nilipotumia nusu saa kuulizia Zuid huku nimesimama mlangoni mwa Midi.

Kisha yakaja matawi. Ukimpa mchezaji njia mbili za kuchagua, mara kumi tu, unadaiwa miisho 1,024. Kioo kilijaa mishale kama tambi zilizomwagika. Bibi yetu kule Tanga hakuwahi kupata shida hii. Tulipomkatiza hadithi, "Asifungue mlango, bibi!", alijibu, "Haya, hakufungua, akafa njaa. Mkalale." Vitabu vina dawa ya upole zaidi: njia zinagawanyika, halafu zinakutana tena. Tukazikutanisha zote kwenye mzunguko wa Barrière, ambako barabara zinakutana hata bila sisi. Pale tukamweka mama muuza pilipili, anayempa kila mpita njia pilipili moja. Msomaji wa kitabu angechukua moja na kuona haya kurudi. Kompyuta haina haya, mpaka uiandikie haya yenyewe, na sisi hatukuiandikia. Dada, mjaribu wetu wa kwanza, alizunguka Barrière hadi akawa na pilipili 46, na nyumbani bado hajafika.

Alipotoka hapo akachagua kichochoro kibaya, maji yakakauka, kioo kikaandika UMEKUFA. Dada akakataa. Akarudi nyuma kwa kidole, yaani alikibandika kidole chake cha shahada juu ya kioo, akamwambia mwanawe:

"Mimi huko sijaenda. Nilikuwa natazama tu."

Mtoto akanigeukia. Sikusema neno. Nilimwinulia mkono wangu wa kushoto, vidole vinne.

Tangu jioni ile gemu yetu ina kitufe kinachoitwa Kidole. Kinatumika mara nne tu. Cha tano, dada ameamua, ni cha kushikia mwiko.

Tunachopungukiwa ni dadu. Msomaji, siku ukipanda tramu ya 81, nakuomba uchungulie chini ya viti vya nyuma. Ni nyekundu, imemeguka kona moja. Ukiiona, usiiokote kwanza: tazama imesimama kwenye ngapi.