Sifa za Mtihani wa Kiingereza

Kijana wa Mwanza au Kisumu anayeomba nafasi katika chuo cha Manchester au Toronto hufika kwenye ada ya mtihani wa Kiingereza, dola 200 na ushee, akasonya, kisha akalipa. Msonyo huo ni utovu wa shukrani. Insha ya maombi humfundisha mwombaji kujisifu, na barua za walimu humfundisha kusifiwa. IELTS na TOEFL peke yake ndizo zinazomwambia ukweli ambao shule zetu zimemficha: kwamba Kiingereza hakupewa, alikodishwa.

Bila mtihani huu angelijuaje hilo? Mtanzania husoma fizikia, historia na jiografia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na katika shule nyingi huadhibiwa akiponyokwa na Kiswahili uwanjani. Mitihani ya kidato cha nne na cha sita huijibu kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na mengine machache, na akiingia chuo kikuu nyumbani mihadhara ni ya Kiingereza vilevile. Mtu aliyelelewa hivyo yumo hatarini kuamini kwamba lugha ile imekuwa yake. IELTS humponya kwa saa 2 na dakika 45: asikilize, asome, aandike, halafu aketi na mtahini kwa dakika 11 hadi 14 akieleza, pengine, namna anavyopenda kutumia siku za mapumziko. Baada ya hapo hupata alama zake, nazo hutambuliwa kwa miaka 2 tu. Wapinzani wameshupalia sana kipengele hiki, wakiuliza ni lugha gani inayomtoka mtu kichwani kwa miaka 2 ilhali anaisoma na kuiandika kila siku. Hawajui mkataba wa pango ulivyo. Mpangaji haulizwi kama bado anaijua nyumba, anaulizwa kodi.

Tena mwenye nyumba ni yuleyule. Hadi miaka ya 1960 vyeti vya sekondari vya Afrika Mashariki vilitoka Cambridge, na leo Cambridge ni mmoja wa wamiliki watatu wa IELTS, pamoja na British Council na kampuni ya IDP ya Australia. Babu alipimwa huko, mjukuu anapimwa hukohuko. Ni taasisi ngapi zilizotukumbuka kwa uaminifu namna hiyo baada ya uhuru?

Kuna wanaolalamikia orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa Kiingereza wanapoomba viza ya masomo. Jamaica imo, Belize imo, na Malta, ambako watu wengi huamka na kulala na Kimalta, nayo imo. Uganda, ambayo bunge lake hujadili kwa Kiingereza, haimo. Kenya na Nigeria hazimo. Wanaita huu upendeleo. Lakini Malta ina watu wanaozidi nusu milioni kidogo tu, na Nigeria ina zaidi ya milioni 200. Mwenye akili ya biashara haulizi zaidi ya hapo.

Wengine humtaja Mwalimu Nyerere, aliyeingia Edinburgh mwaka 1949, miaka 15 kabla TOEFL haijaanza na miaka 40 kabla ya IELTS, akahitimu vizuri tu. Mfano huu unawageukia wenyewe. Mtu huyo ambaye hakuwahi kupitia mtihani wowote kati ya hiyo aliondoka na Shakespeare, akaja kumtoa kwa Kiswahili katika *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Hasara ya aina hiyo ndiyo inayotokea mpangaji akisahau kwamba vyombo si vyake.

Utetezi mmoja tu naomba usitumike: kwamba chuo kinahitaji kujua kama mwanafunzi ataufuata mhadhara. Hoja hiyo ina mantiki, na hapo ndipo palipo na hatari yake, kwa sababu alama ya Kiingereza ya kidato cha nne ingeweza kuijibu, na cheti kile hakiishi muda. Vipo vyuo vya Uingereza vinavyoikubali alama nzuri ya Kiingereza ya KCSE, cheti cha kidato cha nne cha Kenya, badala ya IELTS, na vipo vya Marekani vinavyomsamehe mtihani aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Kwa hiyo, msomaji, usithubutu kuiandikia ofisi ya udahili kabla ya kulipa. Ukiuliza watakujibu, na huenda ukabaki na dola zako.