Mwalimu wa Zipu

Nilipomwambia mjomba wangu kwamba nakwenda Ujerumani kufundisha kwa kujitolea, aliuliza wanalipa shilingi ngapi. Nikamjibu kwamba mshahara hakuna. Wanatoa chumba, bima, nauli na pesa kidogo ya mfukoni. Akanyamaza mpaka chai ikapoa, kisha akasema mbele ya wote waliokuja kuniaga: "Umesoma miaka yote hiyo uende Ulaya kufanya kazi ya bure? Hapa Lindi kazi za bure zimekwisha?"

Kilichomsumbua mjomba ni mpangilio. Kwa mazoea ya kwetu, anayejitolea ni kijana wa Kizungu. Anashuka kwenye basi na begi lililomzidi urefu, anapewa kipindi cha Kiingereza, anaungua jua, anaumwa tumbo, anajifunza kusema "poa", na mwaka ukiisha anaondoka analia. Shuleni kwetu tuliletewa mmoja. Tulimpenda sana, na tulimcheka kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa: alivyochota maji, alivyochuchumaa, alivyohangaika na muwa. Haikutupitia akilini kwamba gari lile lina rivasi.

Kumbe linayo. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 ili kupeleka vijana wao nchi za Kusini, na kuanzia 2013 ikafungua njia ya upande wa pili, vijana wa Kusini nao waende kwao. Ukifika, kisheria unaingizwa katika utumishi wa kujitolea wa shirikisho, na wewe mwenyewe unaitwa Bufdi. Utumishi huo ulianza 2011, pale Wajerumani waliposimamisha jeshi la lazima na kwa hiyo wakapungukiwa na wale vijana waliokataa kushika bunduki wakapangiwa kusukuma wagonjwa hospitalini. Maelezo haya ndiyo yaliyomtuliza mjomba. "Kumbe ni JKT ya Wajerumani!" akasema, na tangu hapo akawa anawatangazia watu msikitini kwamba mpwa wake yuko kambini.

Kambi yenyewe ilikuwa shule ya msingi katika mji mdogo wa Brandenburg, mwendo wa saa moja hivi kwa treni hadi Berlin, treni ikipenda. Nilipangwa darasa la kwanza, chini ya mama mmoja mpole ambaye nadhani kengele ya shule ilikuwa ikimchungulia yeye kwanza ndipo ilie. Karatasi zangu zilisema mimi ni msaidizi wa ufundishaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa cheo hicho: nilibeba ramani ya Tanzania, khanga na kilo mbili za korosho zetu za kusini. Korosho zilikamatwa asubuhi ya kwanza. Darasani kulikuwa na mtoto mwenye mzio wa karanga na jamaa zake wote, na mlangoni pamebandikwa picha ya karanga iliyokatwa mstari mwekundu. Zikahamishiwa chumba cha walimu, ambako zilimalizwa kabla ya mapumziko ya pili, kwa usalama wa watoto.

Ualimu wangu hasa niliukuta kwenye korido, baridi ilipoanza kuuma. Kwetu mvua ikinyesha shule nzima inajibanza barazani. Kule watoto hutolewa nje kila mapumziko, theluji isitheluji, kwa sababu wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Ni msemo wa watu wenye makabati makubwa. Kabla ya kutoka, mtoto anavaa suruali nene ya theluji, buti, koti, skafu, kofia, glovu, na ni lazima zifuatane hivyo hivyo. Akianza na glovu amekwisha: hawezi tena kushika chochote, anasimama tu mikono mbele akikungoja wewe, msaidizi wa ufundishaji.

Na zipu zao zina tabia. Inapanda vizuri hadi kifuani, halafu inauma kitambaa cha ndani, chini kidogo ya kidevu, mahali ambapo huoni vizuri mpaka mtoto atazame dari. Ukiilazimisha, inauma zaidi. Unapiga magoti, unavuta kitambaa pembeni kwa vidole viwili, unaishusha jino moja moja huku mwenye koti akikupumulia usoni harufu ya tufaha na kukuuliza kama Afrika kuna zipu. Unamwambia zipo, ila tumeziweka kwenye suruali. Ukimaliza wa mwisho, wa kwanza anasema amebanwa mkojo.

Siku moja mwalimu wa darasa aliniomba niwafundishe salamu za kwetu. Nilifurahi, maana tangu nifike nilikuwa nimewekwa njia panda: vijana wa miaka sita walikuwa wakiniita kwa jina langu la kwanza, kavu, kama vile tuliingia jando pamoja. Nikawaeleza kwa utaratibu. Mdogo anamwamkia mkubwa, "Shikamoo." Mkubwa anaitikia, "Marahaba." Mimi nilidhani nimepanda adabu. Wao walichosikia ni kwamba miongoni mwao kuna wakubwa. Kengele haijalia, darasa zima lilikuwa limeshapangana kwa tarehe za kuzaliwa. Wa Septemba akawadai wa Novemba. Kulikuwa na mapacha, na yule aliyetangulia kwa dakika chache akajikalia juu ya meza kusubiri haki yake, mwenzake akaangua kilio. Mwalimu mkuu aliposikia zogo akaja kuona kuna nini. Binti mmoja wa mstari wa mbele akampima kwa macho, akamwahi: "Marahaba!"

Nilikaa ghorofa ya pili ya jengo la zamani. Chini yangu aliishi bibi mjane ambaye dirisha la jiko lake lilitazamana na mapipa ya taka. Hili la mapipa sijui nilieleze vipi kwa mtu ambaye taka zake zote zinaishia shimo moja nyuma ya nyumba. Kuna pipa la karatasi, la maganda na mabaki ya chakula, la vifungashio, na la yale yaliyokataliwa na mapipa mengine. Nenda katupe mfuko mmoja wa majani ya chai: majani huku, kikaratasi cha kwenye uzi kule, na ile pini ndogo inayovishikanisha ina safari yake. Chupa za kioo zinapelekwa kwenye makasha ya mtaani, nyeupe peke yake, kahawia peke yake, kijani peke yake. Chupa ya bluu inaingia kwenye kijani. Chupa ya plastiki ya soda, ambayo mama angeiosha akatia mafuta ya nazi na kuitumia mpaka ijukuu, ina rehani ya senti 25 na hurudishwa dukani, kwenye mashine inayoikodolea macho kabla ya kuimeza. Ya bia ni senti 8; mlevi wa kule naye ana akiba.

Bibi wa chini alikuwa akigonga kioo cha dirisha kwa pete yake ya ndoa. Akigonga mara moja, pipa silo. Akigonga mara mbili, leo Jumapili, na Jumapili chupa hazitupwi kwa sababu zinapiga kelele. Mwanzoni nilimwona mnoko. Baadaye nikatambua kwamba ndiye jirani pekee aliyenijali, maana wengine waliniacha nipoteane kwa amani.

Ni yeye aliyenifundisha kupitisha hewa. Januari, nje maji yameganda, hita inawaka, chumba ndiyo kwanza kimeanza kufanana na Lindi, inakubidi ufungue madirisha yote dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, ukuta usiote ukungu. Umelipia joto, halafu unalifungulia mlango liende zake. Nilimwambia mama kwenye simu. Akaniuliza kama hao watu nimewahi kuwaona wakifanya hivyo kwa macho yangu au nimesimuliwa.

Jioni moja hamu ya nyumbani ilinizidi, nikanunua vibua vya barafu nikavikaanga. Mafuta hayajachemka sawasawa, kengele ya moshi ya kwenye dari ikaanza. Ile sauti ina nia ya kukutoa roho. Nikapanda kiti nikaipepea kwa khanga, dirisha nimelifungua, upepo unaingia na theluji yake, vibua vinarukaruka kikaangoni, na mlangoni pete inagonga. Mara tatu. Hiyo haikuwa kwenye orodha. Bibi alikuwa amesimama na koti juu ya nguo ya kulalia, mkononi kashika ufagio. Akaingia, akabonyeza kengele kwa ncha ya mpini ikanyamaza, akanusa, akauliza samaki gani. Nikamkaribisha. Unga wetu mweupe haukupatikana mji ule, kwa hiyo ugali wangu ulikuwa wa ule unga wao wa njano wenye chengachenga. Bibi akaukata vipande kwa kisu, akala na kibua kizima, akaacha mwiba mtupu.

Kwa kulipa wema, akanialika chakula cha jioni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu. Sikula mchana. Nilifika kwa dakika yake nikakuta meza imetandikwa: mkate, siagi, jibini za aina tatu, mayai ya kuchemsha na matango ya siki ya Spreewald, ambayo Brandenburg inajivunia kuliko sisi tunavyojivunia korosho. Nyama ya nguruwe alikuwa ameiondoa kwa ajili yangu, na pengo lake akalijaza matango zaidi. Nikala kipande kimoja cha mkate, kwa ustaarabu, nikiacha nafasi ya chakula. Akanisihi niongeze. Nikamwambia nashukuru, natosheka, huku sikio langu likiwa jikoni. Tukaongea. Nikaona anafunika siagi. Akakusanya sahani, akafuta meza, akaniambia amefurahi sana mtu kuja kula naye. Nikapanda ngazi, nikapika wali.

Kilichonishinda kabisa ni jua. Saa zetu sisi zinahesabiwa kwa kulitazama, na la kule halitazamiki. Desemba linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinakanyagana; mkeka wa sala haukunjwi. Mama alikuwa akipiga simu kwao saa nne kasoro, amekwisha fagia, amekwisha kwenda sokoni.

"Huko saa ngapi, mwanangu?"

"Saa mbili kasoro, mama."

"Za asubuhi?"

"Za asubuhi."

"Jua limetoka?"

"Bado."

"Basi hiyo saa yako mbovu. Kaulize kwa jirani."

Juni likageuka. Saa mbili na nusu usiku, watoto wamelazwa kwa kufungiwa mapazia, na jua bado lipo juu ya miti halina haraka. Tulikuwa na semina za haya mambo, maana sheria inataka siku 25 za semina kwa mwaka, na katika kila moja mtu alichora ubaoni mlima wa barafu uliozama baharini, akaeleza kuwa huo ndio utamaduni. Jua hawakulitaja.

Ilikuwa Juni hiyo ambapo tulipeleka darasa Berlin, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde. Kufikia hapo nilikuwa nimezoea maswali mawili ya watu wa mji ule, ya mwuza mikate, ya karani wa ofisi ya wageni, ya wazee kwenye kituo cha basi. La kwanza, unatoka wapi. La pili, utarudi lini. Waliuliza kwa tabasamu na mimi nilijibu kwa tabasamu: Agosti. Watoto nao, waliokuwa wakinishika mkono njiani, walilisikia swali hilo mpaka likawa sehemu ya jina langu.

Ukiingia ukumbi mkubwa, amesimama. Dinosaria, mifupa mitupu, shingo imepanda hadi karibu na paa la kioo, mita 13.27 kutoka sakafuni, na alisimamishwa katika jengo hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Mwalimu wa darasa akasoma kibao kwa sauti, akafika kwenye neno Tendaguru, kisha Tanzania. Nyuso zote zikanigeukia.

"Anatoka kwenu?" akauliza yule binti wa Marahaba.

"Lindi kabisa."

"Mnafahamiana?"

"Kwa sifa," nikasema. Kwetu ni mjusi maarufu, na wabunge wetu wamemwulizia Bungeni zaidi ya mara moja. Nikawasimulia kwamba alikaa ardhini miaka kama milioni 150 bila kusumbuliwa. Enzi za mkoloni Mjerumani, kati ya 1909 na 1913, wakaja wataalamu kutoka Berlin. Waliofukua walikuwa vibarua wa kwetu kwa mamia, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na mifupa wakaibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini.

Watoto walisikiliza vizuri kuliko siku ya salamu. Pacha mdogo akanyoosha kidole.

"Kwa hiyo na yeye ni Bufdi?"

"Hapana. Mimi nilijaza fomu."

Akafikiri. Akamtazama mjusi kuanzia kwenye vidole vya miguu hadi kule juu kwenye kichwa, ikamchukua muda.

"Atarudi lini?"

Nikamtazama mwalimu wa darasa, kwa kuwa mimi ni msaidizi tu. Akapiga makofi, akatangaza kwamba wakati wa kula umefika, wote wapange mstari. Nikaangalia saa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano nzima.